Pumzi ya tabo: raha ya vijana, kilio cha injini

MAZUNGUMZO ya namna hii hayana uhaba Mwembe Tayari, mjini Mombasa, kati ya maduka ya vipuri na vibanda vya mafundi wa jua kali:

"Salama, ami?"

"Salama, mwanangu. Lina nini gari?"

"Halina kitu. Nataka unikazie tabo kidogo. Gari la mwenzangu lanipita."

"Na la mwenzio lilikazwa lini?"

"Wiki iliyopita."

"Basi ngoja mwezi mmoja. Halitakupita tena."

Huo si utani mtupu. Magari yenye tabo, hasa Subaru Impreza, Subaru Forester na Mitsubishi Lancer Evolution, yameingia nchini kwa wingi kutoka Japani kupitia bandari ya Kilindini, na kila barobaro aliyebahatika kulipata moja huota kuliongeza nguvu. Wengine hununua kwa mkopo wa chama. Wengine huachiwa na baba aliyestaafu. Kisha siku moja moshi wa buluu hutoka nyuma, sauti ya nyundo husikika chini ya boneti, na fedha zilizokuwa za karo ya mdogo wao huenda kununua injini nyingine.

Kuongeza nguvu si dhambi, na wala si uchawi. Ni kazi yenye hesabu, na hesabu yenyewe mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifuata. Kinachowaponza wengi ni kuanzia mwisho.

Injini hupumua

Kwenye nyaraka za gari neno huandikwa "turbo", sawa na jina la ule mji wa njia ya Eldoret kwenda Webuye, lakini fundi wa Mombasa hutamka tabo, nasi tufuate ulimi wake.

Injini ya petroli hula vitu viwili: hewa na mafuta. Ili petroli iungue sawasawa, kila gramu moja yahitaji gramu 14.7 hivi za hewa. Kuongeza petroli ni rahisi, kwani pampu na nozeli zitaimwaga upendavyo. Shida iko kwenye hewa. Pistoni ikishuka, huvuta kiasi kile tu ambacho silinda yaweza kumeza, na hewa hiyo ikiisha, petroli ya ziada haina kazi isipokuwa kutoa moshi mweusi na kumaliza pesa.

Tabo huitatua shida hiyo kwa kutumia kitu ambacho kingetupwa. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapezi, yameshikana kwa shafti moja fupi. Moshi unaotoka injini kwa nguvu hulizungusha gurudumu la kwanza, na kwa kuwa shafti ni moja, gurudumu la pili nalo huzunguka na kuisukuma hewa safi ndani ya silinda. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, ndiye aliyeliandikishia wazo hili hataza mwaka wa 1905. Magari madogo ya kawaida yalilipata rasmi mwaka wa 1962 huko Marekani, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair zilipouzwa nalo.

Matokeo yake ni makubwa. Impreza WRX ya kwanza, ya mwaka wa 1992, ilikuwa na injini ya lita 2 tu, nayo ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 240. Injini ya ukubwa huo isiyo na tabo hupata karibu nusu yake. Kumbuka basi kwamba anayeingia na gari kama hilo kwa fundi na kudai zaidi, anadai juu ya kitu ambacho tayari kimezidishwa maradufu.

Kutoka baharini kwenda bara

Wenyeji husimulia kwamba jina la Mwembe Tayari linatokana na mwembe ambao chini yake wapagazi wa misafara walikusanyika, mizigo begani, tayari kwa safari ya bara. Baadaye, kwa miaka mingi, mabasi ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam yalifanya hapo hapo kuwa kituo chao. Na ukitaka kuielewa tabo vizuri, usianze na Subaru ya kijana. Anza na basi.

Basi likiwa Mombasa huwa karibu sawa na usawa wa bahari. Hapo hewa ya dunia hukandamiza kwa paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Ni paundi zile zile zinazopimwa kwenye magurudumu pale kituo cha petroli. Likipita Voi limekwisha kupanda zaidi ya mita 500. Likifika Nairobi limepanda zaidi ya mita 1,600, na huko hewa imepungua uzito hadi paundi 12 hivi. Kwa injini isiyo na tabo, hii ni sawa na kunyang'anywa karibu sehemu moja ya tano ya pumzi yake. Hesabu hiyo hiyo iendeleze hadi Timboroa, karibu mita 2,700, halafu mtie abiria sitini na magunia juu.

Tabo hurudisha kile ambacho mlima umechukua. Jambo hili lilithibitishwa mwaka wa 1918 na mhandisi Mmarekani, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric. Aliibeba injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha mlima Pikes Peak, mita 4,300 hivi juu ya bahari. Injini hiyo ilikuwa na nguvu za farasi 350 ikiwa chini. Kule kileleni ilibaki na 230. Moss alipoifunga tabo, ikatoa 356.

Basi na lori la dizeli huivumilia tabo kwa miaka na miaka, na sababu zake ni muhimu kwa kijana wetu. Kwanza, katika injini ya dizeli pistoni hukandamiza hewa peke yake. Mafuta hupulizwa mwishoni, wakati wa kuungua umefika, kwa hiyo hakuna kitu cha kulipuka mapema. Pili, injini yenyewe imejengwa nzito: kranki nene, konrodi nene, pistoni nzito. Tatu, haikimbii; huzunguka taratibu, na sheria ya Kenya imeifunga kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Hapo tabo imewekwa ili basi lipande mlima likiwa limeshiba pumzi. Kila kifaa kilichoizunguka kilipangwa kwa ajili yake tangu kiwandani.

Injini ya petroli haina ukarimu huo.

Joto ndilo adui

Mtu aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba pampu hupata moto. Hewa ikikandamizwa hupanda joto, na tabo ni pampu isiyopumzika. Chukua mchana wa Mombasa wa nyuzi 32. Tabo ikiisukuma hewa hiyo kwa paundi 12 juu ya ile ya kawaida, hewa hutoka upande wa pili ikiwa imepita nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo sehemu ya faida imekwisha potea. Baya zaidi, inaingia katika silinda ikiwa imekaribia kuiwasha petroli bila kungoja cheche ya plagi.

Ndiyo maana ya ile rejeta ya hewa iitwayo intakula. Subaru nyingi huiweka juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti ambalo vijana hulipenda. Lancer Evolution huiweka mbele, nyuma ya bampa. Intakula nzuri, gari likiwa katika mwendo, yaweza kuishusha hewa hiyo hadi nyuzi 50 au pungufu. Ile ya juu ya injini ina udhaifu mmoja ambao Mombasa huuona kila siku: gari likisimama kwenye foleni ya Makupa au ya feri ya Likoni, joto la injini hupanda na kuioka. Ukitoka foleni na kukanyaga mafuta papo hapo, unaipa injini hewa iliyotoka jikoni.

Kisha kuna petroli yenyewe. Magari haya, kwa soko la Japani, yalipangwa kutumia petroli ya daraja la juu, ambayo huko hufikia oktani 98 hadi 100. Oktani ni kipimo cha uvumilivu: kadiri ilivyo juu, ndivyo petroli inavyoweza kukandamizwa na kupashwa moto bila kulipuka yenyewe. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki kiwango hicho. Kwa hivyo Impreza iliyoshushwa melini juzi, kabla hata fundi hajaigusa, imekwisha sogea karibu na ukingo.

Petroli ikilipuka kabla ya wakati, mlipuko huo hukutana na pistoni ikiwa bado inapanda. Ukiwa makini utasikia sauti kama ya vijiwe ndani ya mkebe. Usiichanganye na ile ambayo mafundi wetu huiita injini "kunoki", yaani nyundo nzito ya beringi za kranki zilizokwisha. Hiyo huja baadaye, mara nyingi kama mtoto wa ile ya kwanza. Vijiwe vikipigwa kwa sekunde chache tu chini ya mzigo, kuta nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi hupasuka. Fundi akifungua hukuta pistoni imeng'oka pembeni kama imeumwa na panya.

Kile kifimbo

Ubavuni mwa tabo kuna kopo dogo lenye kifimbo cha chuma. Kazi yake ni kufungua kijimlango, ili moshi wa ziada upite kando bila kulizungusha gurudumu. Presha ikifika kiwango kilichowekwa, mlango hufunguka na tabo hutulia. Mafundi huuita westigeti.

Hapo ndipo penye lile "kazia kidogo". Ukikifupisha kifimbo kwa mizunguko michache ya nati, mlango huchelewa kufunguka, presha hupanda, na gari huruka kama limechomwa sindano. Kazi ni ya dakika kumi na bei yake ni ya chai na mahamri. Sishangai kwamba inapendwa.

Ila kompyuta ya gari haijaambiwa. Kiasi cha petroli ilichopangiwa kiwandani kilikuwa cha presha ya zamani. Gari nyingi zina busara ya kukata mafuta presha ikizidi, na hapo dereva huhisi kama amepigwa breki ghafla. Wapo wanaotafuta ujanja wa kuidanganya kompyuta ili isikate. Hao wameondoa king'ora na kuuacha moto.

Injini inapovuta tabo kwa nguvu, mpangaji mzuri huwa haachi ile hesabu ya 14.7 kwa moja. Huipeleka kwenye 12 kwa moja au chini kidogo, kwani petroli ya ziada huipoza silinda. Nozeli zikiwa ndogo au pampu ikiwa imechoka, mchanganyiko hukauka wakati ule ule ambao joto limepanda, na mwisho wake tumekwisha kuueleza.

Upo mtego mwingine unaowahusu hasa watu wa Pwani, na sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Kijana huchukua gari lake hadi Nairobi, kwa fundi mwenye jina, likapangwa vizuri kabisa. Analiteremsha Mombasa na baada ya wiki mbili limeharibika. Hapo lawama zote humwangukia fundi. Hesabu yake ni hii. Westigeti ya kawaida hupima presha juu ya ile ya hewa ya mahali ilipo. Paundi 12 za tabo Nairobi, juu ya paundi 12 za hewa, ni 24. Paundi 12 zile zile Mombasa, juu ya 14.7, ni 26.7. Injini inapewa hewa zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ilivyowahi kupimiwa, na hewa yenyewe ni ya moto kuliko ile ya Nairobi asubuhi. Kompyuta ya kiwandani hujua kujirekebisha kwa mabadiliko kama haya. Iliyopangwa upya kwa haraka pengine haijawahi kufikishwa kwenye kiwango hicho hata mara moja. Gari litakaloishi Pwani lipangwe Pwani, au mpangaji aambiwe waziwazi linakokwenda ili aliachie nafasi.

Kuijenga kutoka chini

Sasa tuseme mtu ana nia, ana akiba na ana subira. Aanzie wapi?

Aanze kwa kuipima injini aliyo nayo. Fundi hufungua plagi na kupima mkandamizo wa kila silinda. Tarakimu yenyewe si kitu sana. La muhimu ni zilingane. Silinda tatu zikiwa sawa na ya nne iko chini, hakuna tabo itakayoitibu, itaizika tu. Mkanda wa majira ubadilishwe kama historia yake haijulikani, kwa sababu katika injini za Subaru na Mitsubishi tulizozitaja ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Rejeta ioshwe au ibadilishwe. Mapaipu ya hewa yakaguliwe, kwa maana mpira uliopasuka mahali padogo huifanya tabo ijichoshe bure.

Hatua inayofuata ni vipimo, na hapa vijana wengi hunuka pua, kwa kuwa vipimo haviongezi hata farasi mmoja. Kimoja cha presha ya tabo, kimoja cha presha ya oili, na kimoja kinachoonyesha uwiano wa hewa na petroli kwenye ekzosi. Asiyekuwa na hivyo hupanga gari kwa masikio, na masikio huja kusikia wakati pistoni imekwisha vunjika.

Kisha njia za kutolea moshi na kuvutia hewa zipanuliwe, pampu ya petroli iwe yenye nguvu, nozeli ziwe kubwa kiasi, intakula iwe nzuri. Baada ya hapo tu ndipo kompyuta hupangwa, gari likiwa limefungwa kwenye mashine ya kupimia nguvu au likifuatiliwa kwa chombo kinachoandika kila tarakimu. Kwa presha iliyoongezwa kwa kiasi, injini ya kiwandani iliyo nzima itavumilia. Wengi wangesimamia hapo wangebaki na gari tamu la kuendesha.

Anayetaka kupita hapo lazima afungue injini yote, na sasa tumeingia kazi ya watu wazima. Pistoni za kiwandani katika injini nyingi ni za kumiminwa. Za nguvu ni za kufuliwa, chuma kilichokandamizwa hadi chembe zake zikashikana. Pistoni hizo hutanuka zaidi zikipata moto, kwa hiyo huachiwa nafasi kubwa kidogo kwenye silinda, na asubuhi injini ikiwa baridi husikika zikigongagonga. Asiyejua hudhani amepunjwa. Konrodi nazo hubadilishwa, pamoja na bolti za kushikilia hedi. Silinda hupelekwa kuchongwa na kusuguliwa kwa kipimo cha pistoni mpya zenyewe zikiwa mkononi, si kwa kipimo kilichoandikwa kwenye boksi.

Kinachotenganisha fundi na fundi hapa ni usafi na spana yenye kipimo cha mkazo. Nafasi kati ya beringi na kranki huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Chembe ya mchanga iliyopeperushwa na upepo wa barabarani ni kubwa kuliko nafasi hiyo. Nawaheshimu mafundi wetu wanaofanya maajabu chini ya mwarobaini, na gari nyingi za mji huu zatembea kwa sababu yao. Lakini kazi hii moja yataka chumba chenye mlango, meza iliyopanguswa, na mtu ambaye hapokei simu huku akikaza bolti.

Jambo la mkandamizo nalo lisisahauliwe. Injini zilizozaliwa na tabo miaka ile ziliandaliwa na mkandamizo mdogo, 8 au 9 kwa moja, ili tabo ipate nafasi ya kuongeza. Injini ya kawaida huwa kwenye 10 kwa moja au zaidi. Ndiyo sababu kuifunga tabo ya duka la spea kwenye gari ambalo halikuzaliwa nayo, mchezo ambao nao upo, huleta furaha ya muda mfupi sana.

Oili ndiyo uhai wa kifaa chote. Shafti ya tabo yaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja ukipigwa na moshi wa joto linalokaribia nyuzi 900, nayo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Baada ya mwendo wa kasi, iache injini ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Ukiizima ghafla, oili iliyobaki ndani huungua na kugeuka makaa yanayoziba vijitundu. Na usingoje taa ya dashibodi ndipo upime oili.

Walichokijua watu wa Safari Rally

Shule kubwa ya tabo katika nchi hii ilikuwa Safari Rally. Mwaka wa 1984 Björn Waldegård wa Uswidi alishinda kwa Toyota Celica yenye tabo, na kuanzia hapo hadi mwaka wa 2002, mashindano hayo yalipoondolewa katika kalenda ya dunia, hakuna gari lisilokuwa na tabo lililoshinda. Mkenya Ian Duncan alishinda kwa Celica mwaka wa 1994. Colin McRae akashinda kwa Impreza mwaka wa 1997, na kama kuna siku moja iliyowafanya vijana wa Kenya waipende Subaru, huenda ni ile. Mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, yakiwa na makao Naivasha, magari yalikuwa bado ya tabo.

Cha kustaajabisha ni kwamba magari ya kiwango hicho hayakuwa na nguvu za kutisha kwenye karatasi. Tangu mwaka wa 1995 sheria ililazimisha hewa yote ya tabo ipite katika tundu la milimita 34, nyembamba kuliko kikombe cha kahawa cha Mji wa Kale. Nguvu zilibaki kwenye farasi 300 hivi. Wahandisi wakaelekeza akili zao kwenye msukumo wa chini, kupoza, chujio la vumbi, na ile mirija mirefu ya kuvutia hewa iliyopanda kando ya kioo ili gari livuke mito. Kijana anayejisifu kwa farasi 400 barabarani ana farasi wengi kuliko McRae alivyoruhusiwa. Labda pia hana breki zake.

Mwaka wa 1993 Subaru ilileta Safari vigari vya Vivio vya sisi 660 tu. Havikuwa na tabo bali ndugu yake, pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini. McRae alikimbia kwa kasi iliyowashangaza wenye magari makubwa, kisha gari likamshinda. Patrick Njiru, Mkenya, alilitunza lake na akafika mwisho.

Kelele si nguvu

Ule mlio wa "pshuuu" dereva anapoachia mafuta ni hewa inayotolewa nje ili isirudi kuipiga tabo. Hauongezi kitu. Ile milipuko ya ekzosi kama bunduki saa nane za usiku, inayoamsha watoto kuanzia Tononoka hadi Kibokoni, ni petroli inayoungulia mahali pasipo pake, na tabo ndiyo inayopokea kipigo. Ama kuhusu kibandiko cha "Turbo" nyuma ya Probox, hicho hakina madhara kwa mtu yeyote.

Mwendo halali ndani ya mji ni kilomita 50 kwa saa, hata kwa mwenye farasi 400. Wanaotaka kupimana nguvu wana mahali pake: vilabu vya mashindano kama Mombasa Motor Club, ambako kuna kofia ngumu, mikanda na gari la wagonjwa. Breki na magurudumu yaongezwe uwezo kabla ya injini, maana gari lililopangwa kusimama kutoka mwendo fulani halijui kwamba mmiliki amebadilisha nia. Mwenye bima naye aarifiwe, kwani marekebisho yaliyofichwa yaweza kuwa sababu ya kukataa dai siku ya ajali. Aliyebadilisha injini nzima ahakikishe nambari mpya imeingizwa kwenye logbuku na NTSA.

Kwa wanafunzi wanaovutiwa na kazi hii, mlango upo karibu. Chuo cha Ufundi cha Tudor kilichoanza kama MIOME, kikawa Polytechnic mwaka wa 1972 na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka wa 2013, kimefunza mafundi na wahandisi wa injini kwa miongo mingi. Na aliyejifunzia gereji anaweza kufanya mitihani ya NITA na kupata cheti cha daraja. Mpangaji wa kompyuta za magari anayejua fizikia ya gesi ni mtu adimu kuliko tabo yenyewe.

Kabla ya kununua

Wengi watakaosoma makala haya hawatajenga injini. Watanunua gari ambalo mtu mwingine amelichezea. Yapo mambo machache ya kutazama.

Lifunguliwe paipu la kuingizia hewa na gurudumu la tabo liguswe kwa kidole injini ikiwa imezimwa na imepoa. Likicheza kidogo sana kwenda kando si kitu, kwa kuwa huelea juu ya oili ambayo wakati huo haipo. Likivutika nje na kurudi ndani, au mapezi yakigusa ukuta, tabo imekwisha. Oili nyingi ndani ya paipu za intakula ni dalili mbaya. Katika baadhi ya Subaru kuna chujio dogo sana ndani ya bolti ya paipu la oili ya tabo. Muulize mwenye gari lilisafishwa lini, na uutazame uso wake kabla hajajibu. Kitazame kifimbo: nati iliyokwaruzwa kwa koleo inasimulia habari ambayo muuzaji hakuitaja. Nambari ya injini ilinganishwe na logbuku.

Na gari liwashwe likiwa baridi, mbele yako. Moshi wa buluu na mlio wa beringi hujificha au kubadilika injini ikipata moto. Ukifika ukute boneti ina joto na mwenyewe anasema alikuwa amelitoa dukani tu, muage kwa heshima na urudi kesho yake alfajiri.